Mmonaki wa Ripon na Gitaa la Morogoro

 Leo ni tarehe 7 Novemba. Katika kalenda ya Kanisa Katoliki ni kumbukumbu ya Mtakatifu Wilibrodi, mmonaki wa Kiingereza wa zama za kale aliyefariki siku kama ya leo mwaka 739. Najua wapo watakaouliza huyu bwana anatuhusu nini sisi wa Mlali, na hasa msimu huu ambao watu wanahangaika na mbegu, dawa ya nyanya na bei ya tenga. Nipeni dakika chache. Nataka leo tumpe mzee huyu heshima yake, na nataka tumpe kwa muziki. Sisemi muziki wa kinanda cha kanisani. Nasema muziki wa dansi wa Morogoro, ule ambao vijana wa leo wanauita zilipendwa na ambao sisi tuliukuta ukiwa mpya kabisa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Wilibrodi alizaliwa mnamo mwaka 658 huko Northumbria, kaskazini mwa Uingereza ya leo. Baba yake, Wilgils, alimpeleka angali mtoto mdogo sana kwenye monasteri ya Ripon, akalelewa na wamonaki. Baba naye baadaye aliyapa kisogo mambo ya dunia, akaenda kuishi maisha ya sala kwenye mlango wa mto Humber. Kijana alipofika miaka 20 hivi alivuka maji kwenda Ireland, akakaa kule miaka 12 akisoma. Kisha mwaka 690 yeye na wenzake 11 walipanda chombo, wakaenda kwa Wafrisi, watu wa pwani ya nchi ambayo leo tunaiita Uholanzi.

Alifika Roma pia. Tarehe 22 Novemba 695 Papa Sergius wa Kwanza alimweka wakfu kuwa askofu mkuu, na tendo hilo lilifanyika katika kanisa la Mtakatifu Sesilia, tena siku ya sikukuu yake Sesilia. Wanakwaya mnaonisikiliza mmekwisha kutabasamu, maana Sesilia ndiye msimamizi wenu, ndiye msimamizi wa wanamuziki wote. Wilibrodi alirudi kwa Wafrisi, akaweka kiti chake cha uaskofu Utrecht, akaanzisha monasteri ya Echternach mwaka 698 kwenye ardhi aliyopewa, na huko Echternach, katika nchi ndogo ya Luxembourg, ndiko alikozikwa akiwa na miaka 81.

Waholanzi wanamhesabu kuwa baba wa imani yao. Na sisi wa jimbo la Morogoro tunawajua vizuri Waholanzi. Misheni ya Morogoro ilianzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1882, miaka 14 baada ya ile ya Bagamoyo, na wengi wa mwanzo walikuwa Wafaransa. Lakini tangu miaka ya 1930 uongozi ulikuwa mikononi mwa Waholanzi: kwanza Askofu Bernard Hilhorst, na baada yake, mwaka 1954, Askofu Herman van Elswijk. Ndio waliokuwepo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, Askofu Adriani Mkoba alipokishika kiti. Mtu aliyezaliwa milimani kwetu miaka ile alibatizwa na Mholanzi, akatibiwa zahanati ya Mholanzi, akachapwa kiboko kwa sababu ya katekisimu ya Mholanzi. Jina la Wilibrodi lipo Tanzania mpaka leo. Wengi wenu mnamkumbuka Dkt. Willibrod Slaa katika siasa zetu. Nyumbani kwetu alikuwepo mjomba mwenye jina hilo, na katika ukoo wa Kiluguru mjomba si mtu mdogo. Ndiye anayesema, wengine tunasikiliza.

Sasa lipo jambo ambalo sitalipita kimya. Habari za Wilibrodi tunazijua kwa sababu mtu wa ukoo wake, msomi mmoja aitwaye Alkwini, aliandika kitabu cha maisha yake. Na Alkwini hafichi. Anaeleza kwamba Wilibrodi alitua katika kisiwa kimoja ambacho wenyeji walikiheshimu sana. Palikuwa na chemchemi ambayo watu waliteka maji yake bila kusema neno, na ng'ombe waliokuwa wamewekwa wakfu ambao hakuna aliyewagusa. Yeye akabatiza watu 3 ndani ya chemchemi ile, na ng'ombe wakachinjwa wakaliwa. Wenyeji waligadhabika, na mwenzake mmoja akalipa kwa maisha yake.

Nayasoma hayo nikiwa Mluguru. Sisi tunaye Kolelo, mzimu wa pangoni katika milima hii, ambaye tangu zama za mababu watu walitoka mpaka pwani kuja kuomba mvua. Tunazo ngoma za mwali. Wamisionari wengi waliokuja kwetu waliyatazama mambo haya kwa jicho lilelile la Wilibrodi pale kisiwani. Ngoma ilikuwa dhambi. Binti wa misheni aliyeonekana kwenye ngoma ya mwali alijua Jumapili atakaa wapi na nani hatamsalimia. Kumheshimu mtu si kufumba macho, na mimi namheshimu Wilibrodi pamoja na hili: alikuwa jasiri, alikuwa mvumilivu, aliacha kwao akazeeka ugenini, na alikanyaga vitu vya watu.

Lakini sikilizeni ngoma ilivyomrudia.

Kila mwaka, Jumanne baada ya Pentekoste, mji wa Echternach unajaa watu, na watu hao wanacheza. Hawatembei kwa maandamano kama tunavyofanya sisi siku ya Ekaristi, wanacheza. Wanajipanga safu baada ya safu, watu watano watano, kila mmoja ameshika ncha ya leso nyeupe na jirani yake ameshika ncha nyingine, leso zinawaunganisha safu nzima. Bendi za tarumbeta na ala nyingine zinapiga wimbo mmoja tu, wa mahadhi ya polka, unarudiwa tena na tena kwa saa kadhaa. Watu wanaruka hatua ya kushoto, hatua ya kulia, wanasonga mbele polepole, wanapita mitaani, wanaingia kanisani, wanashuka mpaka kwenye kaburi la Wilibrodi, wanalipita wakiwa bado wanaruka. Wazee wanaruka, watoto wa shule wanaruka, maaskofu wapo. Habari za maandamano hayo zimeandikwa tangu zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Nao walikatazwa. Mwishoni mwa karne ya 18 askofu mkuu wao mwenyewe alipiga marufuku muziki na kuruka, akaona si adabu. Kisha mfalme Joseph wa Pili akayafuta maandamano yote. Miaka michache baadaye watu walikuwa barabarani tena na leso zao. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wajerumani walioikalia nchi wakakataza, na walipokuwa wakiondoka mwaka 1944 wakalilipua kanisa. Likajengwa upya. Leso zikarudi.

Kwa hiyo mmonaki aliyezima ibada za wengine anakumbukwa kwa dansi, na dansi lenyewe limewashinda wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Mimi hilo linanifurahisha sana. Na linanikumbusha Mlali.

Sisi tulikua na redio. Nyumba nyingi hazikuwa nayo, basi tulikusanyika penye moja. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati mchana kutwa, jioni zikarudishwa, zikakupa wimbo mmoja na nusu. Mkikaa kimya, mkiomba Mungu, zilifika mbili. Asubuhi tulisikia wagonjwa wakitumiwa salamu katika kipindi cha Ugua Pole, na kati ya salamu na salamu ndipo ulipopenya muziki wa nyumbani. Nasema wa nyumbani kwa maana yake kamili, kwa sababu mji wa Morogoro, hapo chini tu ukitoka Sangasanga ukashika barabara kuu, ulikuwa na bendi mbili ambazo Afrika Mashariki yote ilizijua.

Moja ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Huyu alizaliwa mwaka 1928, akapenda muziki wa Kyuba kutoka kwenye santuri zilizoletwa na meli, akaugeuza ukawa wa Kiswahili. Aliuawa na ajali ya gari Novemba 1965, na baada yake Juma Kilaza akaishika bendi. Ya pili ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa kijana ambaye angekuja kuifanya itajwe kila mahali: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mji uligawanyika. Ulikuwa wa Cuban au wa Jazz, na mchumba aliyekuwa upande wa pili alikuwa na kazi ya kujieleza.

Vijana wa Mlali na wa Mgeta walishuka mjini na malori ya mboga. Jumamosi jioni unawaona juu ya makabichi na karoti, shati jeupe limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisichafuke, viatu mkononi. Wakifika mjini wananawa, wanavaa, wanaingia ukumbini, wanayarudi magoma mpaka alfajiri, kisha wanatafuta lori tupu la kuwarudisha. Wengine walikuwa wanakwaya. Jumapili hiyohiyo saa nne asubuhi walikuwa mbele kanisani wanaimba, macho mekundu, na padre Mholanzi anawatazama bila kusema neno. Nadhani alijua. Nadhani pia kwao alikuwa amewahi kusikia habari za watu wanaocheza mpaka kaburini kwa mtakatifu.

Na Kanisa lenyewe lilikuwa linageuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimalizika mwaka 1965. Misa ikawa kwa Kiswahili. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alikuwa amekwisha kutoa kitabu mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba muziki wetu unaweza kumsifu Mungu ukiwa umevaa nguo zake wenyewe. Nakumbuka mara ya kwanza ngoma ilipopigwa kanisani kwetu. Bibi mmoja, aliyekatazwa ngoma tangu usichana wake, alikaa ameshika rozari, na bega lake la kushoto likaanza kucheza peke yake. Hakusimama. Bega tu.

Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo, na kwa gitaa sijasikia hapa Tanzania aliyemzidi. Mwaka 1970 alikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, kuiwakilisha nchi. Mwaka 1973 aliacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Santuri zake zilitolewa Nairobi, kwa sababu kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na kampuni iliyozitoa, Polygram, ilikuwa mali ya Philips ya Uholanzi na Siemens ya Ujerumani. Redio nyingi tulizosikilizia zilikuwa Philips hizohizo. Waholanzi tena! Walitupa padre, na wakauza muziki ambao padre aliukataza.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Habari ilifika Mlali kwa redio, na nakumbuka mtu alizima redio kisha akaiwasha tena, kana kwamba safari ya pili ingesema vingine.

Hivi karibuni mpwa wangu alinipigia nyimbo hizo kwenye simu yake. Aliniwekea vidude vya masikioni, akaniacha barazani. Nyimbo ambazo ujanani nilizisikia kwa betri iliyochoka, huku watu wanaongea na mbwa wanabweka, sasa nikazisikia mpaka chini kabisa. Wimbo wa "Shida" niliujua kwa maneno yake, kama kila mtu wa rika langu anavyoujua. Safari hii nilisikia kazi ya wengine. Yupo anayepiga gitaa la rithimu, hatangulii wala habaki nyuma, mkono wake ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Yupo wa besi, anayezungumza kidogo na kila neno lake lina uzito. Wapo wa tarumbeta na saksafoni wanaoingia wakati mwimbaji anapovuta pumzi. Wapo waitikiaji. Na pale wimbo unapokwisha maneno, magitaa yanapoachiwa yatambe, unasikia watu watano au sita wanajuana vizuri kuliko ndugu.

Nikamwuliza mpwa wangu, kwenye simu hiyo wameandikwa nani? Akaniambia ameandikwa Mbaraka Mwinshehe. Wengine je? Hawapo. Picha ya mwaka fulani, jina moja, basi.

Na hapa narudi kwa wamonaki, maana wanatuzidi kwa jambo moja. Mwenzao aliyeitwa Beda, wa monasteri ya Jarrow, alimaliza mwaka 731 kitabu cha historia ya Kanisa la Waingereza, na ndani yake akamtaja Wilibrodi akiwa bado hai, mzee, ughaibuni. Humohumo aliandika habari za Cædmon, mchunga ng'ombe asiyejua kuimba, ambaye kinubi kilipozungushwa kwenye karamu alikuwa akiondoka kwa aibu kabla hakijamfikia. Usiku mmoja akiwa zizini aliota anaambiwa aimbe, akaimba, na alipoamka nyimbo zilikuwa zake. Akatunga nyingi sana. Leo tunazo kwa hakika beti zenye mistari 9 tu. Mistari hiyo 9 imebaki kwa sababu watu walionakili kitabu cha Beda waliiandika pembeni. Nyingine zote zimekwenda na upepo. Katika taifa la waandishi!

Wilibrodi mwenyewe naye alishika kalamu. Kalenda yake ya sala, ya ngozi, ipo mpaka leo Paris, na pembeni mwa ukurasa wa Novemba kuna maneno machache ya mwaka 728 ambayo wataalamu wanayahesabu kuwa ya mkono wake: alivuka bahari mwaka 690, akafanywa askofu mwaka 695, na sasa ni mwaka 728. Basi. Mzee wa miaka 70 aliona vema kuandika hayo matatu, na karibu miaka 1,300 baadaye mtu wa Mlali anayasoma hewani.

Wanamuziki wetu wengi hawakuandikiwa hata hayo matatu. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam zimehifadhi mengi, kwa sababu miaka ile redio ya taifa ndiyo iliyokuwa studio ya bendi zote. Zinastahili kutunzwa kama nyaraka za serikali zinavyotunzwa, zisafishwe, zinakiliwe, na kila jina litafutwe. Hilo ni la wenye mamlaka, na nawaambia wazi kwamba muda hauko upande wao. Mkanda unaoza. Na mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 mwambie nini kuhusu kesho?

Lakini lipo letu sisi. Simfanyi Mbaraka kuwa mtakatifu. Alikuwa Mwislamu na muziki wake ulikuwa wa ukumbini, na mwenyewe asingeomba hilo. Nasema tu kwamba Echternach ina siku yake, ina njia yake ya kupita, na ina wimbo ambao mtoto wa miaka 7 anajua kuuruka. Morogoro ina tarehe 12 Januari, ina barabara, na nyimbo zipo za kutosha. Sijui ni nini kinachotuzuia kufunga mtaa mmoja wa mjini kwa saa tatu kila mwaka, bendi ipige, na wazee wa Cuban na wa Jazz wacheze na wajukuu wao. Halmashauri ya Manispaa ifikirie hilo. Vyama vya wanamuziki vifikirie. Shule za sekondari zilizo na bendi za tarumbeta zifundishwe nyimbo hizi, zisibaki na zile za gwaride tu.

Na wewe unayenisikiliza Mlali, Kipera, Mzumbe, Langali, Nyandira, Bunduki: kama unazo santuri za zamani chini ya kitanda, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya sukari. Kama baba yako alipiga besi, alibeba vyombo, alikata tiketi mlangoni au aliitikia tu nyuma ya mwimbaji, kaa naye jioni hii na daftari la shule. Uliza jina lake kamili, jina la bendi, mwaka alioingia, mwaka aliotoka, na wenzake walikuwa nani. Mrekodi kwa simu akiimba. Ukimaliza, lete nakala hapa redioni. Tutaisoma hewani, majina yote, tarehe 12 Januari.